Kamera ya fahari na kamera ya kazi: Anachohitaji mpigapicha wa Mombasa

KATIKA uwanja ulio mbele ya Fort Jesus, mgeni hapati taabu kumtambua mpigapicha wa kulipwa. Kamera nyeusi imemning'inia kifuani, lenzi imetokeza mbele, kizibao chenye mifuko tele kimefunika shati, na mkanda wa shingoni umeandikwa jina la kampuni iliyounda kamera hiyo kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Zana na mavazi hayo hayakuja kwa sadfa. Aghalabu mgeni anayefika hapo ana simu yenye kamera mkononi. Ili akubali kutoa pesa kwa picha ambayo angaliweza kujipigia mwenyewe, sharti aione tofauti kabla hajaiona picha yenyewe. Kamera imekuwa kibao cha duka.

Ndiyo maana kijana wa Kibokoni, Majengo au Kizingo anayetaka kuingia katika kazi hii huanza na swali moja: anunue kamera gani ili aonekane mpigapicha wa kweli? Swali hilo lina maana, kwa kuwa mteja huchagua kwa macho. Lakini lina mtego pia. Wapo wanaomaliza akiba yote, au kuingia katika mkopo, kwa ajili ya kile kinachoonekana, kisha wakakosa kile kinachofanya kazi. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima naye hana budi kuwa na jembe, na shamba la Mombasa lina udongo wake.

Picha na sura

Tamaa ya kuonekana si jambo geni katika historia ya upigaji picha mjini Mombasa. Kilichobadilika ni nani anayejipamba.

Zamani aliyejipamba ni mteja. N. V. Parekh, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1923, alikuwa na studio iliyopiga picha watu wa jamii mbalimbali za mji huo. Mwanahistoria wa sanaa Isolde Brielmaier alichapisha mwaka 2022 kitabu kiitwacho I Am Sparkling, kinachochunguza picha za Parekh na wateja wake kati ya mwaka 1940 na 1980. Mtu aliingia studio akiwa na sura ya kila siku, akatoka na picha ya vile alivyotaka kuonwa.

Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilishikwa na wapigapicha wa kivuko cha Likoni. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Heike Behrend, aliandika habari zao katika makala iliyochapishwa mwaka 2000. Vibanda vyao vilikuwa na pazia za michoro ya meli, ndege na majengo marefu ya miji ya mbali. Msafiri aliyesubiri feri aliweza kusimama mbele ya pazia na kupata picha ya safari ambayo hakuwahi kuifanya.

Kamera ya mpigapicha wa wakati huo haikumshughulisha mteja. Ilikuwa ya filamu, aghalabu ndogo, na mteja alitazama pazia, kiti na mwanga. Aliyekuwa na kamera alikuwa mpigapicha kwa sababu wengine hawakuwa nayo.

Simu iliiondoa hoja hiyo. Leo mwenye kujiazimia sura ni mpigapicha mwenyewe.

Vinavyoonekana

Baadhi ya vitu vinavyompa mtu sura ya mpigapicha vina sababu ya kiufundi iliyosahaulika. Lenzi nyeupe za Canon ni mfano. Kampuni hiyo ilizipaka lenzi zake kubwa za kuvutia mbali rangi nyeupe ili zisishike joto kali la jua, kwa kuwa vioo vilivyomo ndani huweza kutanuka. Wapigapicha wa michezo walipoonekana nazo kandokando ya viwanja kwenye televisheni, weupe huo ukawa alama ya cheo. Anayebeba lenzi ya namna hiyo kupiga picha za familia zilizokaa hatua tatu mbele yake amebeba uzito bila faida.

Kishikio cha betri, kile kisanduku kinachofungwa chini ya kamera, nacho hufanya kamera ndogo ionekane kubwa. Kwa haki yake kina kazi: huongeza betri ya pili na kurahisisha kuishika kamera kwa wima. Kwa harusi ya saa nane kinafaa. Kwa kijana ambaye bado hana flashi, ni pambo.

Mkanda wenye jina la kampuni huitangaza kampuni bila malipo, na pia humtangazia mwizi thamani ya mali. Wapigapicha wengi wazoefu huuvua na kuvaa mkanda mweusi usio na maandishi, au huufunika jina kwa utepe.

Kisha kuna idadi ya megapikseli, ambayo wauzaji huitaja kwanza. Picha ya kuchapishwa kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta 2,400 kwa 3,000, yaani megapikseli 7.2 tu. Kamera nyingi zilizouzwa tangu mwaka 2010 zilipita kiwango hicho. Anayelipia megapikseli 45 ili achapishe picha za ukubwa wa kadi ya posta anaongeza tu mzigo wa faili.

Hii ndiyo sababu kamera ya mtumba haipaswi kudharauliwa. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon zilipoingia kwa nguvu katika kamera kubwa zisizo na kioo cha ndani, zikiifuata Sony iliyotangulia mwaka 2013, wapigapicha wengi duniani waliuza zile zenye kioo na bei zikashuka. Kamera hizo bado zinapiga picha nzuri kama siku ile zilipotoka kiwandani, na kwa bahati njema umbo lao kubwa ndilo lile ambalo mteja wa uwanjani hulitambua upesi kuwa ni la mpigapicha.

La kuangaliwa ni idadi ya mibofyo. Shata, yaani pazia dogo linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, ina umri wake. Canon EOS 5D Mark III, kwa mfano, ilikadiriwa na watengenezaji kufikia mibofyo 150,000, ilhali EOS-1D X ilikadiriwa 400,000. Mnunuzi wa mtumba anayelipa bila kuuliza idadi hiyo ni kama anayenunua gari bila kutazama kilomita zilizokwishaendeshwa.

Jua la utosini

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mapema mwezi Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi, na katika miezi mingine halitelemki sana. Mwanga wa namna hiyo huangukia paji la uso na pua, ukayaacha macho ndani ya mashimo ya kivuli. Kamera ya bei kubwa haiondoi kivuli hicho.

Flashi inaweza kukipunguza, lakini hesabu yake ni ngumu. Kwenye jua kali, kamera ikiwa katika ISO 100, picha huhitaji takribani tundu la f/16 na kasi ya sekunde 1/100. Kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida kupita kasi ya sekunde 1/200 au 1/250. Kwa hivyo mpigapicha hulazimika kulibana tundu hadi karibu f/11, na hapo flashi ndogo iliyojengwa juu ya kamera haina nguvu ya kushindana na jua ila mtu akiwa karibu sana. Flashi ya kando yenye nguvu inahitajika, na ndiyo inayopaswa kununuliwa kabla ya lenzi ya pili.

Njia ya pili haina gharama. Ni kumhamisha mteja. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa au rangi nyeupe. Ukuta mmoja unapopigwa na jua, hurudisha mwanga laini kwa aliyesimama kivulini upande wa pili wa njia. Studio za miji mikubwa hununua vitambaa na mabao ya kurudisha mwanga namna hiyo. Barabara ya Ndia Kuu na vichochoro vyake vinao bure.

Aidha, mavazi ya Pwani huihadaa kamera. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhania kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, mithili ya kijivu. Kikielekezwa kwa bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, huitia giza picha nzima na kanzu ikatoka kama iliyofuliwa kwa maji ya tope. Kikielekezwa kwa wanawake waliovaa buibui jeusi, huongeza mwanga kupita kiasi, buibui likawa kijivu na nyuso zikapoteza rangi yake. Mpigapicha hana budi kukisahihisha kwa mkono: aongeze mwanga kwa kanzu, apunguze kwa buibui. Kitufe cha kufanyia kazi hiyo kimo hata katika kamera za bei ya chini.

Vichochoro vya Mji wa Kale

Lenzi ndefu ni fahari uwanjani, lakini ndani ya Mji wa Kale ni mzigo. Watu wengi huja kupigwa picha mbele ya milango ya nakshi, na mlango hutazamana na ukuta wa nyumba ya pili. Nafasi ya kurudi nyuma ni ndogo.

Hesabu rahisi yatosha. Ili picha ya wima imchukue mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, pamoja na nafasi kidogo, kamera ichukue kimo cha mita 2. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 85 humlazimu mpigapicha kusimama umbali wa takribani mita 4.7. Lenzi ya milimita 50 huhitaji mita 2.8. Ile ya milimita 35 hutosheka na karibu mita 2.

Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo zaidi, chenye upana wa karibu milimita 23.5, na kwa hivyo lenzi ileile huwa kama ndefu zaidi. Ya milimita 50 juu ya kamera hizo hudai zaidi ya mita 4. Mwenye kamera ya namna hiyo atahitaji lenzi ya karibu milimita 24 ili apate picha ileile katika kichochoro kilekile. Wengi huinunua ya 50 kwa kuwa ni rahisi na inasifiwa na kila mtu, kisha wakajikuta migongo imegota ukutani.

Ukumbi wa harusi

Mahali pengine panapomtenga fundi na mbeba kamera ni ukumbini usiku. Harusi ndiyo kazi kubwa ya wapigapicha wengi wa Mombasa, nayo haina marudio. Bibi harusi hataingia ukumbini mara ya pili kwa sababu picha ya kwanza ilitikisika.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, aghalabu ya milimita 18 hadi 55, hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu inapovutwa mbali. Lenzi ndogo isiyovutika, yenye tundu la f/1.8, huingiza mwanga takribani mara 10 zaidi. Maana yake ni kwamba pale ambapo lenzi ya kwanza ililazimika kutumia kasi ya sekunde 1/30, inayomtikisa kila anayecheza, ya pili hufikia karibu sekunde 1/300 na kumkamata akiwa wima. Lenzi hiyo ni fupi, nyepesi na haina sura ya kutisha. Mgeni wa harusi hataiona. Atakachokiona ni picha.

Rangi ya mwanga nayo ina vituko. Turubai la kijani lililotandwa uani hupaka nyuso rangi ya majani. Taa za rangi jukwaani hupaka zambarau. Dawa ni kupiga picha katika faili ghafi, ambazo hubakisha taarifa zote za kihisi na kumruhusu mpigapicha kurekebisha rangi baadaye kwenye kompyuta. Faili hizo ni kubwa, na hivyo kadi na diski za kuhifadhia huingia katika bajeti tangu mwanzo.

Ikiwezekana, kamera iwe na nafasi ya kadi mbili na iandike kila picha mara mbili kwa wakati mmoja. Kadi za kumbukumbu huharibika, na za bandia zimejaa sokoni. Mpigapicha aliyepoteza picha za ndoa ya watu hawezi kuzilipa kwa pesa yoyote, na habari zake hufika mitaani kabla yake.

Chumvi na kuvu

Adui wa kamera Mombasa hawaonekani dukani. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula chuma cha miguso ya umeme, na unyevunyevu wake hulea kuvu ndani ya vioo vya lenzi. Kuvu huanza kama utando wa nyuzi nyembamba, kisha hufifisha picha, na inapochimba upako wa kioo haisafishiki tena.

Mnunuzi wa lenzi ya mtumba aimulike kwa tochi kutoka nyuma na kuitazama kwa mshazari. Utando ukionekana, aiache, hata bei ikiwa ya kuvutia namna gani.

Aliyekwisha kununua aiweke katika kisanduku cha plastiki kisichopitisha hewa, pamoja na vijifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Mfuko wa ngozi uliofungiwa kabatini ni kitalu cha kuvu. Anayetoka katika chumba chenye kiyoyozi kwenda nje aiache kamera mfukoni hadi ipate joto, vinginevyo kioo kitajaa umande. Na baada ya kazi ya ufuoni au kando ya bahari katika Mama Ngina, mwili wa kamera ufutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Mambo yote hayo hugharimu kidogo kuliko kishikio kimoja cha betri.

Amana

Pwani ina sababu nyingine ya kumpima mpigapicha, na hii haimo katika orodha ya bei ya duka lolote. Katika sherehe ya kupamba, wanawake huvua mabuibui na kuketi wakiwa wamejipamba kwa macho ya wanawake wenzao. Kwa familia nyingi picha za usiku huo hazipaswi kuonwa na mwanamume wa kando, wala kuwekwa mtandaoni. Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013, Contesting Visibility, alionyesha kwamba kwenye mwambao huu swali la nani asionekane lina uzito sawa na la nani aonekane.

Ndiyo maana wanawake wapigapicha wana nafasi ambayo kamera ya bei yoyote haiwezi kumnunulia mwanamume. Na ndiyo maana familia humwuliza mpigapicha nani atazisafisha picha, zitachapishwa wapi, na kadi itabaki mikononi mwa nani. Mwenye majibu kamili hupata kazi mbele ya mwenye lenzi nyeupe.

Sheria nayo imefuata mkondo huo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayeweza kutambulika kuwa data yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mpigapicha anayejitangaza kwa picha za wateja wake aiweke idhini hiyo katika maandishi.

Wanaofikiria kununua droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, ili waongeze hadhi, wajue kwamba kanuni za mwaka 2020 zinaitaka isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na mrushaji awe na leseni. Bila karatasi hizo, pambo hilo linaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani.

Shilingi mia

Je, kijana agawe vipi akiba yake? Kwa kazi za Mombasa, mgawanyo wenye busara katika kila shilingi mia ni kama ufuatao: shilingi 35 kwa mwili wa kamera, hata ukiwa wa mtumba, 35 kwa lenzi, moja pana ya vichochoroni na moja yenye tundu kubwa ya ukumbini, 15 kwa flashi, na 15 zilizobaki kwa betri ya akiba, kadi, diski na kisanduku cha kuhifadhia. Anayeanza na mfuko mdogo sana anunue mwili wa kamera na lenzi moja yenye tundu kubwa, kisha akodi au aazime vingine kwa siku ya kazi hadi kazi zenyewe zitakapovilipia.

Kwa mgawanyo huo mpigapicha hatakosa sura. Kamera ya mtumba yenye kioo ina umbo la kutosha, nguo safi na kufika kwa wakati vitamaliza lililobaki. Mteja wa uwanjani humchagua mpigapicha kwa kumtazama mara moja. Lakini bibi harusi huchaguliwa mpigapicha na mama yake, shangazi zake na majirani, ambao wote wameshika albamu ya harusi iliyotangulia na kuipitia ukurasa kwa ukurasa. Katika albamu hiyo hakuna ukurasa unaoonyesha kamera.